Paneli ya swichi chini ya dashibodi: Kinga ya dereva katika nyika za Tsavo

JUA linapoanza kuteremka nyuma ya milima ya Taita, dereva aliye kwenye barabara ya vumbi kati ya lango la Sala na mji wa Voi huwa na hesabu moja tu akilini: kufika langoni kabla ya giza.

Safari hiyo ya takriban kilomita 100 hupitia Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako kasi ya juu inayoruhusiwa ni kilomita 40 kwa saa na ambako ni marufuku kuacha njia iliyochongwa. Gari likizimika humo halizungukwi na mafundi wala wapita njia. Huzungukwa na ndovu.

Kwa madereva wa utalii, walinzi wa ranchi, wahudumu wa afya na wakulima wa Taita Taveta, umeme wa gari basi si anasa. Taa za nyongeza, redio ya mawasiliano, friji ya kuhifadhia chakula au chanjo na mashine ya kujaza upepo kwenye magurudumu ni vyombo vya kazi, na vyote hutegemea betri moja.

Tatizo ni kwamba magari mengi hayakutoka kiwandani yakiwa na nafasi ya vyombo hivyo. Kila kimoja huongezwa kwa wakati wake na kwa mkono wa fundi wake. Baada ya miaka michache, chini ya usukani huwa pamefumwa utando wa nyaya ambao hata aliyeufuma hawezi kuusoma.

Dawa yake ni paneli ya swichi: kibao kimoja kidogo, kilichofungwa chini ya dashibodi, ambamo swichi zote za vyombo vya ziada hukusanywa, kila moja ikiwa na jina lake na fyuzi yake. Kazi hiyo inaweza kufanywa na fundi yeyote makini wa jua kali mjini Voi, mradi aelewe sababu ya kila hatua.

Nyika na magari yake

Historia ya gari la nyika na historia ya Tsavo zilianza mwezi mmoja. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa Aprili 1948, na mwishoni mwa mwezi huo gari la Land Rover lilionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi. David Sheldrick, mlinzi mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, alishikilia wadhifa huo hadi mwaka 1976, na katika kipindi hicho barabara na mabwawa yakachongwa mahali palipokuwa msitu wa miiba.

Hivi leo mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000 kwa pamoja, na zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi yote ya Kaunti ya Taita Taveta. Voi, iliyo kwenye njia panda ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa na ile ya Mwatate, Taveta na mpaka wa Holili, imekuwa kituo cha magari yanayoingia na kutoka nyikani.

Land Rover za zamani bado zinaonekana, lakini mfalme wa njia hizo sasa ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, uliozinduliwa mwaka 1984. Nyingi zina injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, iliyoanza kutumika mwaka 1990, ambayo haitegemei kompyuta kuendesha pampu yake ya mafuta. Usahili huo ndio unaowapa mafundi ujasiri wa kuongeza nyaya. Ndio pia unaowafanya baadhi yao wasahau kwamba umeme hausamehe uzembe.

Hesabu kabla ya koleo

Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote isipokuwa kalamu na karatasi. Mwenye gari aorodheshe kila kifaa anachotaka kukiwasha, kisha agawanye wati zake kwa volti za betri. Jibu ni ampia, yaani kiasi cha umeme kitakachopita kwenye waya.

Kwa gari la volti 12, taa mbili za mbele za wati 55 kila moja hula ampia 9 na ushei. Redio ya mawasiliano ya VHF ya wati 25 huhitaji ampia 5 hadi 6 dereva anapozungumza. Friji ndogo huvuta ampia 4 hadi 5 mtambo wake unapozunguka. Soketi mbili za kuchaji simu huchukua ampia 2, na taa ya ndani ya LED haifiki ampia 1.

Vyote vikiwashwa pamoja hukaribia ampia 23. Hiyo ndiyo namba itakayoamua unene wa waya mkuu wa kulisha paneli na ukubwa wa fyuzi yake.

Mashine ya kujaza upepo, ambayo huweza kula ampia 25 hadi 30 peke yake, haipaswi kulishwa kupitia paneli hiyo. Winchi, inayoweza kuvuta mamia ya ampia ikizidiwa na mzigo, ndiyo kabisa. Vyombo hivyo hupewa nyaya zao nene moja kwa moja kutoka kwa betri, na kwenye paneli huwekwa swichi ya kuviamuru tu.

Kabla ya kununua chochote, betri ipimwe. Baadhi ya magari ya dizeli yana betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, na kifaa cha volti 12 kikiunganishwa humo huungua papo hapo. Land Rover za zamani zaidi nazo zina utaratibu wa kinyume, ambapo upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chesisi.

Siri ya rilei

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kupitisha umeme wote wa taa ndani ya swichi yenyewe. Waya hutolewa kwenye betri, ukaletwa hadi kwa dereva, kisha ukarudishwa mbele hadi kwenye taa. Taa huwaka, mwenye gari hufurahi, na kila mtu huenda zake.

Lakini waya nao hutoza ushuru. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, wenye urefu wa mita 6, una ukinzani wa takriban ohmu 0.07. Ampia 10 zikipita, volti 0.7 hupotea njiani na kugeuka joto. Kwa taa za halojeni, upungufu huo mdogo hupunguza mwangaza kwa kati ya asilimia 15 na 20. Kwa dereva anayetafuta mgongo wa nyati gizani, tofauti hiyo si ndogo.

Rilei huondoa tatizo hilo. Ni swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme. Ampia 0.2 hivi hutoka kwenye paneli na kuiamsha sumaku, nayo hufunga mlango mkubwa wa umeme ulio karibu na betri. Waya mnene unakuwa mfupi, wa mita 2 tu, na ukiwa wa milimita mraba 2.5 upotevu hushuka hadi volti 0.14.

Rilei za kawaida za magari zina miguu iliyoandikwa namba. Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka kwa betri kupitia fyuzi, wa 87 huupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni ncha mbili za sumaku. Fundi anayezikumbuka namba hizo nne anaweza kuunganisha takriban chombo chochote.

Faida nyingine ni usalama wa dereva. Kwa kuwa umeme mkubwa umebaki upande wa injini, paneli iliyo karibu na magoti yake haipati joto.

Fyuzi hulinda waya

Wengi huamini kwamba fyuzi iliwekwa kulinda taa au redio. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya usigeuke kuwa kuni.

Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampia kwa ghafla. Waya mwembamba ukisuguliwa hadi ngozi yake ikatoboka na shaba ikagusa bodi, umeme wote huo hukimbilia hapo. Katika sekunde chache plastiki huyeyuka, na kilichobaki ni zulia, kiti na mafuta. Gari likishika moto katikati ya Tsavo, hakuna zimamoto wa kusubiriwa.

Kwa sababu hiyo fyuzi kuu huwekwa karibu na betri kadiri iwezekanavyo, isipite sentimita 20 hivi. Ikiwekwa chini ya dashibodi, waya wote kutoka kwenye betri hadi hapo huwa hauna mlinzi. Kwa paneli ya ampia 23, waya wa milimita mraba 6 na fyuzi kuu ya ampia 30 hutosha. Kisha kila tawi hupewa fyuzi yake ndogo: 15 kwa taa, 10 kwa redio, 10 kwa friji na 5 kwa soketi.

Fyuzi inapoungua ni ujumbe. Kuibadilisha na kubwa zaidi, au kuifunga kwa karatasi ya sigara kama wafanyavyo baadhi ya madereva, ni kumziba mdomo shahidi.

Tahadhari nyingine ihusu ununuzi. Kuna nyaya sokoni ambazo huuzwa kwa unene wa nje pamoja na plastiki, hivyo "milimita 6" ya muuzaji huweza kuwa na shaba ndogo sana ndani. Nyingine ni za alumini zilizopakwa shaba juu. Mnunuzi akwaruze uzi mmoja kwa kisu: ukionyesha weupe ndani, si shaba, nao hautapitisha umeme kama inavyodaiwa.

Kuchonga paneli

Paneli yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kwanza hukatwa kielelezo cha karatasi ngumu, kikapachikwa mahali kinapokusudiwa na kujaribiwa dereva akiwa ameketi. Akanyage klachi na breki hadi mwisho, azungushe usukani, avute breki ya mkono. Goti likigusa kielelezo, mahali hapo hapafai.

Katika magari ya kisasa yenye mifuko ya hewa ya kukinga magoti, eneo hilo la chini lisiguswe kabisa. Paneli ihamishiwe kando ya gia au juu ya kioo.

Kielelezo kikikubalika, hunakiliwa kwenye bati la alumini la milimita 2 au 3. Alumini hukatika kwa msumeno wa kawaida, haipati kutu na hukunjwa kwenye jiriwa. Tundu la swichi bapa zinazotumiwa sana magarini ni takriban milimita 37 kwa 21. Hutobolewa kwa keekee kwenye pembe nne, hukatwa, kisha husawazishwa kwa tupa hadi swichi iingie kwa kusukumwa kidogo. Tundu likizidi, swichi itacheza, na nyika itaitoa.

Mpangilio wa swichi haufai kuachiwa bahati. Mkono wa dereva hufika gizani bila macho, hivyo swichi ya taa iwe ya mwisho upande mmoja, ambapo kidole huipata kwa kupapasa. Zile zisizopaswa kuwashwa kwa bahati mbaya, kama ya winchi, hupewa kifuniko. Majina yaandikwe kwa herufi zinazosomeka, na vitaa vya swichi viwe hafifu, maana mwanga mkali karibu na magoti hupofusha jicho lililozoea giza.

Ncha zote za bati hulainishwa na tundu za skrubu huwekewa wasa za mpira. Paneli isifungwe kwenye plastiki ya dashibodi pekee bali kwenye fremu ya chuma iliyo nyuma yake.

Vumbi na mtikisiko

Maadui wawili wa umeme wa gari katika Taita Taveta wanajulikana. Wa kwanza ni vumbi jekundu lenye madini ya chuma, lile lile linalowapa ndovu wa Tsavo rangi yao. Likikauka halina madhara makubwa, lakini huingia kwenye kila upenyo, na mvua za Novemba zikinyesha au gari likioshwa kwa maji ya kasi, hushika unyevu na kula miguu ya shaba.

Rilei na swichi zilizozibwa zinafaa zaidi. Rilei zifungwe miguu ikitazama chini ili maji yasituame, na kila waya upewe kitanzi kidogo kabla ya kuingia kwenye kifaa ili matone yadondoke chini badala ya kuufuata hadi ndani.

Adui wa pili ni mtikisiko wa barabara zenye matuta madogo kama ubao wa kufulia. Huko ndiko kazi iliyofanywa kwa haraka hujulikana. Viungo vya kubana kwa koleo maalumu hudumu kuliko vya kulehemu, kwa sababu risasi ya kulehemu huufanya waya uwe mgumu na kukatika pale ugumu unapoishia. Kuviringisha waya na kuufunga kwa tepu si kiungo.

Nyaya zikusanywe ndani ya bomba la plastiki na kushikwa kwa klipu kila baada ya sentimita 20 hadi 30. Zinapopenya ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha dereva, lazima tundu liwe na mpira, la sivyo ukingo wa bati utazikata taratibu kama msumeno. Hakuna waya unaopaswa kuning'inia karibu na kanyagio la breki.

Upande wa arthi nao usipuuzwe. Rangi ikwaruzwe hadi chuma kionekane, skrubu ikazwe, kisha mahali hapo papakwe grisi. Taa nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu huwa na tatizo hilo tu.

Asubuhi ambayo gari halikuwaka

Lipo swali ambalo paneli nzuri hulijibu kabla halijaulizwa: ni vyombo gani vibaki na umeme ufunguo ukitolewa?

Chukua gari lililolala kambini likiwa na betri ya saa-ampia 70. Friji ikivuta wastani wa ampia 2 kwa saa 12, itakuwa imekula 24. Betri ikiwa mpya, injini itawaka. Lakini betri iliyochoka, iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake, itabaki na 11, na stata ya injini kubwa ya dizeli haitazunguka.

Ndiyo sababu mafundi makini huweka rilei moja kubwa inayoamshwa na ufunguo, ikazima tawi la taa, soketi na kompresa. Redio ya dharura hubaki hai. Friji, kama lazima iwake usiku, hupewa betri ya pili inayotenganishwa na ya kwanza mara injini inapozimwa.

Kipimo kidogo cha volti kwenye paneli pia ni mlinzi asiyelala. Betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na 12.2 ikiwa imefika nusu. Ikishuka chini ya 12, dereva ajue amekaribia mwisho. Injini ikinguruma, kipimo kisome kati ya 13.8 na 14.4. Kisiposoma hivyo, alteneta haichaji, na ni heri kulijua hilo Voi kuliko kulijua kwenye bwawa la Aruba.

Sheria na majaribio

Kazi ikiisha, kila tawi hujaribiwa peke yake, kisha yote pamoja kwa nusu saa. Fundi apapase nyaya, fyuzi na rilei: vuguvugu ni kawaida, moto si kawaida. Mchoro wa nyaya uandikwe na kuhifadhiwa garini, kwa kuwa atakayelitengeneza siku ya shida huenda akawa mtu mwingine.

Yapo pia ya kisheria. Redio za mawasiliano huhitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Magari ya utalii, kama mengine ya biashara, hukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), na nyaya zinazoning'inia si dalili njema mbele ya mkaguzi. Ni busara pia kuifahamisha kampuni ya bima kuhusu mabadiliko hayo, maana moto unaotokana na nyaya zisizotajwa huzua mabishano wakati wa fidia.

Taa za nyongeza nazo zina adabu yake. Katika barabara kuu ya Mombasa, kumwelekezea dereva wa lori mwanga wa taa za nyika ni kumpofusha. Na ndani ya mbuga za taifa, ambako watalii hawaruhusiwi kuzunguka usiku, taa hizo ni za dharura tu, si za kuwafukuza wanyama.

Kwa magari mapya yanayotegemea kompyuta, tahadhari iongezwe. Kukata waya wowote wa kiwandani ili kuiba umeme huweza kuzima mifumo isiyohusiana kabisa na taa. Paneli ichote umeme wake kwenye betri pekee, kupitia fyuzi yake.

Gharama ya haya yote huonekana kubwa mtu anaposimama kaunta ya duka la vipuri, hasa fundi mwingine akiwa tayari kuunganisha taa kwa waya mmoja na tepu. Lakini wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika njia ya Sala, saa kumi na mbili jioni, ufa huo huwa ni fyuzi moja ambayo mtu aliona si lazima kuinunua.